Shajara ya mradi: mabango ya kuienzi TAS, tumefika wapi

Machi, mwanzoni

Basi tumeanza rasmi. Kwa wanaotufahamu leo, sisi ni kikundi kidogo cha kujitolea hapa Mwanza, kuna walimu, kuna fundi mchoraji, kuna nesi, na mimi niliyepewa kazi ya kuandika hii shajara. Tunachotengeneza ni maonyesho ya mabango na sauti ya kuwaenzi Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania, yaani TAS, pamoja na mashirika yaliyokuja baadaye kuwashika mkono. Tunataka yawe tayari kabla ya tarehe 13 Juni, Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, na baada ya hapo yazunguke mashuleni, kwa hiyo kila kitu lazima kikunjike na kiingie kwenye daladala.

Kikao kizima cha leo kimeishia kwenye swali moja, bango la kwanza lianze na mwaka gani. Wengi walisema 2008. Sababu zao zinaeleweka kabisa, huo ndio mwaka dunia iligutuka kuhusu mauaji ya watu wenye ualbino kwa imani za kishirikina, Vicky Ntetema wa BBC aliingia kwa waganga kwa kujificha akatoka na habari iliyomletea vitisho mpaka akalazimika kujificha yeye mwenyewe, mwaka huohuo Peter Ash, Mkanada ambaye naye ana ualbino, akaanzisha Under The Same Sun, shirika la kutetea watu wenye ualbino, na Rais Kikwete akamteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, kuwa mbunge. Ukimuuliza mtu yeyote barabarani habari za ualbino Tanzania atakuanzia hapo hapo.

Lakini TAS ilianza 1978. Miaka 30 nzima kabla ya hizo kamera kufika. Sasa hiyo miaka 30 walikuwa wanafanya nini? Hilo ndilo swali ambalo naona mradi huu upo kwa ajili yake, na nimelisema kikaoni bila kuzunguka: tukianza na 2008 tunamwambia mtoto mwenye ualbino kwamba hadithi yake inaanza na panga. Haikuanza na panga. Ilianza na watu waliokaa pamoja wakasema tunaungua na jua, watoto wetu hawaoni ubao, hatupewi kazi, akina mama wanakimbiwa na waume zao, tufanye nini. Tumekubaliana, bango la kwanza ni 1978.

Machi, inaishia

Wiki hizi tumekuwa tunatafuta vitu vya zamani. Picha, barua, kadi za uanachama, flana za maadhimisho, chochote. Vingi vimeliwa na mchwa au vililowana, na wenye kumbukumbu kichwani umri umewatupa mkono, ndio maana tunarekodi sauti kwa haraka kabla ya kufikiria mapambo.

Kitu kilichonigusa kuliko vyote ni daftari. Tulikwenda kwa bibi mmoja aliyewahi kuwa katibu wa tawi miaka mingi, tukaamkia shikamoo, akatukaribisha uani kivulini, tukaongea karibu asubuhi nzima habari za watu na za afya zake ndipo akaingia ndani akatoka na kaunta buku lililofungwa kwa kanga. Ndani amepiga mistari kwa rula, safu ya jina, safu ya kijiji, safu ya alichopewa, safu ya dole gumba. Maandishi ni makubwa, kila ukurasa una watu wachache tu maana aliandika kwa kalamu nene ili na yeye mwenyewe aweze kuyasoma. Kofia pana 1. Losheni 1. Shati mikono mirefu 1. Kofia 1, amepoteza ya kwanza. Miwani ya jua 1. Kofia 1, mtoto amekua. Kurasa na kurasa za hivyo, wino wa dole gumba umefifia mpaka umekuwa rangi ya chai.

Akatuambia, "Wanangu, hizi ndizo zilikuwa kazi zetu. Wageni wakija wanauliza nani kauawa, hakuna anayeuliza kofia zilitoka wapi."

Nikamuuliza zilitoka wapi. Akacheka, akaanza kutaja: zingine walishona wenyewe, zingine waliomba makanisani na misikitini, zingine alizibeba kwenye boti kwenda visiwani akiwa amekaa chini ya khanga mbili kwa ajili ya jua la ziwani. Sauti yote tunayo.

Tumeomba tuoneshe kurasa chache kwenye bango na amekubali, ila kwa sharti, na sharti lenyewe ni la busara: majina na vijiji vizibwe. Alisema kuna wakati orodha kama ile ilikuwa ni hatari kuwa nayo ndani ya nyumba, mtu mbaya akiipata anajua aende wapi. Fundi atafunika safu mbili za kwanza kwa karatasi nyeusi kabla ya kupiga picha, sio baada, ili hata faili la picha lisiwe na majina.

Aprili, mvua za masika

Wiki ya majaribio ya kuprinti. Hapa naomba nikae kidogo maana ndio moyo wa kazi.

Maonyesho ya kuwaenzi watu wenye ualbino ambayo wenyewe hawawezi kuyasoma ni dharau, hata kama nia ni njema. Kwa hiyo kabla ya kuandika sentensi hata moja tulimwita kijana wa kidato cha pili mwenye ualbino pamoja na dada mmoja mwalimu ambaye naye anao, tukawawekea karatasi za kila aina ukutani, wao ndio mahakimu.

Karatasi inayong'aa ilifeli palepale. Taa ikipiga juu yake unapata doa jeupe na maandishi yanapotea, na kwa mtu ambaye mwanga unamuumiza macho ni kama umemmulika tochi. Isiyong'aa ikafaulu. Rangi nyeupe tupu ya nyuma wote wawili waliikataa, wakachagua njano iliyopauka yenye herufi nyeusi nene. Fonti za mapambo zenye mikia tumezitoa. Picha chini ya maandishi, hapana, maandishi yakae peke yake. Kioo cha fremu hakuna kabisa.

Kubwa zaidi ilikuwa ni urefu wa kutundika. Sisi tulikuwa tumepanga juu juu kama picha za ukutani, kijana akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa bango, akainua shingo, akasema, "Kaka, nikisoma huku juu nitaumwa shingo kabla ya kufika 1990." Sasa mabango yanashuka, katikati ya bango iwe usawa wa macho ya mtoto wa shule, na mbele pasiwe na kamba wala meza ya kuzuia mtu asisogee.

Mwalimu alitueleza vizuri kwa nini miwani peke yake haimalizi tatizo, na tumeamua maelezo yake yawe bango kamili. Melanini, ile rangi ya asili ya mwili, haihusiki na ngozi tu, inahitajika pia jicho linapojengeka tangu tumboni. Ikipungua, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayotakiwa kuona kwa ukali haikomai vizuri, na mishipa ya kwenda kwenye ubongo inapita tofauti. Ndio maana macho ya wengi yanacheza cheza yenyewe, ndio maana mwanga unawaumiza, na ndio maana mtoto anaweza kuvaa miwani nzuri kabisa bado asione ubao akiwa dawati la nyuma. Wangapi wamechapwa kwa kuitwa wavivu wa kuandika, wakati walikuwa hawaoni tu! Hapa kuna kazi kubwa ya chama isiyosimuliwa, kwenda shule moja baada ya nyingine kumwomba mwalimu mkuu amsogeze mtoto mbele, mbali na dirisha lenye mwanga mkali, amruhusu avae kofia darasani. Mambo madogo hayo, hayahitaji bajeti, lakini yanahitaji mtu wa kwenda kuyasema na kurudi tena kuyasema mwalimu mkuu akihamishwa.

Leo hii NECTA, yaani Baraza la Mitihani, inatoa karatasi za mtihani zenye maandishi yaliyokuzwa kwa wenye uoni hafifu, na wanaongezewa muda, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Mwalimu wetu anasema wazazi wengi bado hawajui kama ipo, kwa hiyo tumeiweka kwa herufi kubwa kuliko zote za bango hilo.

Aprili, mwishoni

Bango la vinasaba limetusumbua lakini sasa limekaa vizuri, na halina hata maandishi mengi. Ni mifuko miwili ya kitambaa na vizibo vya soda.

Mfuko mmoja ni baba, mmoja ni mama. Ndani ya kila mfuko kuna kizibo cheusi kimoja na cha njano kimoja. Unaingiza mkono bila kuangalia, unatoa kimoja huku na kimoja kule. Cheusi kikitoka hata kimoja tu, mtoto anazaliwa na rangi ya kawaida. Zikitoka njano zote mbili, mtoto ana ualbino. Yaani nafasi 1 kati ya 4 kila mimba, na kila mimba ni mwanzo mpya, vizibo vinarudi mfukoni, haimaanishi ukishapata mmoja basi watatu wanaofuata wako salama. Na jambo ambalo tunataka kila mtu aondoke nalo ni hili: lazima mifuko yote miwili iwe na njano. Mama hawezi kumzaa peke yake. Hakuna mzungu aliyepita, hakuna laana, hakuna mizimu. Kitaalamu aina iliyoenea zaidi kwetu inaitwa OCA2, na Afrika kusini mwa Sahara wenye ualbino wengi wana pengo lilelile kwenye kinasaba kilekile, ishara kwamba tumelirithi kutoka kwa mababu wa zamani sana tunaoshirikiana.

Tulijaribu mchezo huu nje ya ofisi ya mtaa, baba mmoja mtu mzima alipita akataka kujua tunacheza kamari gani. Akachota. Nyeusi na njano. Akachota tena, nyeusi zote. Akachota tena na tena mpaka njano mbili zikatoka, akavishika mkononi akavitazama, kisha akauliza, "Kwa hiyo hata mimi nilivyo hivi naweza kuwa na ya njano ndani?" Tukamwambia ndiyo mzee, wewe, mimi, yeyote. Akasema mdogo wake alimfukuza mke kwa jambo hili hili, watoto wawili, akaenda kwao nao na hakuna aliyemtetea. Akauliza kama anaweza kurudi na huyo mdogo wake, tukamwambia aje hata kesho. Alikuja naye, walichota muda mrefu. Waliyoongea wenyewe kwa wenyewe sitayaandika hapa.

Mei, mwanzoni

Suala la picha limeleta mvutano. Kuna mfadhili aliyekuwa tayari kulipia turubai, viti na spika, akaomba bango kubwa la katikati liwe la picha za majeruhi, anaamini ndio zinazogusa watu. Tulimjibu kwa heshima kwamba hapana, na ameondoka. Nimeumia kwa sababu hela ilikuwa ya maana sana, lakini narudia nilichosema kikaoni, bibi yule na kaunta buku lake hakufanya kazi miaka yote ile ili wajukuu zake waoneshwe mashuleni wakiwa vipande. Mauaji tunayasema, tunayasema waziwazi na bila kupunguza, ila kwa maandishi na kwa sauti ya waliobaki, wakiwa wamevaa vizuri na wamekaa wima.

Bango la ngozi amelisimamia nesi. Amekataa katakata lianze na saratani, ameanza na tiba ya kila siku: kofia yenye ukingo mpana inayofunika na masikio na shingo, nguo ndefu, kivuli, losheni asubuhi na kupaka tena, na kwenda kliniki kabla kidonda hakijawa kidonda. Anasema vile vipele vikavu vinavyokwaruza usoni na mikononi vikiwahiwa vinagandishwa kwa baridi kali na unarudi nyumbani siku hiyohiyo, lakini wagonjwa wengi wanafika wakati tayari pana shimo. Saratani ya ngozi imeua watu wenye ualbino wengi mno nchini, polepole, bila kichwa cha habari hata kimoja.

Ndio maana tumewapa nafasi kubwa watu wa Moshi. Pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kwa ukanda huu tangu 1992, na hapo ndipo ilipoanza kutengenezwa Kilisun, losheni iliyobuniwa mahsusi kwa watu wenye ualbino wa hapa hapa. Zamani chupa zilikuwa zinategemea msaada wa nje, zinakuja zikiwa zimebakiza muda mfupi kuisha, mwezi huu zipo na ujao hakuna, na ngozi haisubiri kontena. Losheni inayotengenezwa nchini na kugawiwa kliniki pamoja na mafunzo ya kuitumia ni jambo lingine kabisa.

Mei, katikati

Bango refu la miaka limekamilika kwenye rasimu. 1978 hadi leo. Nitaje machache.

2006, maadhimisho ya kitaifa ya tarehe 4 Mei yanaanza, yaani Tanzania ilikuwa na siku yake kabla dunia haijawa nayo. 2010, Salum Barwany anachaguliwa mbunge wa Lindi Mjini, wa kwanza mwenye ualbino kushinda jimbo kwa kura nchini, na hii ni katika miaka ambayo watu walikuwa wanaogopa kutoka nje. Mwaka huo huo Sheria ya Watu wenye Ulemavu inapita. Tarehe 13 Juni 2013 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa linapitisha azimio lake la kwanza kuhusu ualbino, ndipo ilipotoka tarehe tunayoiadhimisha tangu 2015. Mwaka 2015 tena, Ikponwosa Ero wa Nigeria, aliyekuwa akifanya kazi Under The Same Sun, anakuwa Mtaalamu Huru wa kwanza wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ualbino, na Dk. Abdallah Possi, naye mwenye ualbino, anateuliwa naibu waziri.

Sensa ya 2012 imetupa mjadala mzuri. Ndio iliyowahesabu watu wenye ualbino, ikapata 16,477 kati ya watu karibu milioni 45. Sasa makadirio yanayotajwa sana ni mtu 1 kati ya 1,400, ukipiga hesabu hiyo unapata zaidi ya 30,000. Mwalimu wa hesabu akasema tuchague namba moja tusiwachanganye watoto. Mimi nimeshikilia zote mbili zikae pamoja, ili mtoto aulize mwenyewe kwa nini karani alihesabu nusu tu, na mwalimu wake azungumze naye habari ya watu kufichwa ndani na ya makadirio yanavyofanywa.

Halafu kuna yasiyosherehekewa, nayo yamo. Baada ya mauaji, watoto walikusanywa kwenye vituo na shule za bweni, Buhangija kule Shinyanga, Mitindo hapa Misungwi, Kabanga kule Kasulu. Waliokolewa maisha, hilo halina ubishi. Lakini wapo waliofika wadogo kabisa wakakua bila kumjua mama, na mashirika haya haya tunayoyaenzi yamekuwa mstari wa mbele kusema mtoto arudi kwao mahali ambapo pamefanywa salama. Dada mmoja aliyekulia bwenini amerekodi nasi, anasema aliporudi nyumbani alimwamkia mama yake kama anavyomwamkia mgeni. Sauti yake itasikika palepale kwenye bango hilo.

Na 2024 ipo, mtoto mdogo wa Muleba, Kagera, aliyenyakuliwa mikononi mwa mama yake na kuuawa. Kuna aliyependekeza tuiache ili bango limalizike kwa furaha. Haiwezekani. Inafuatiwa na Februari 2025, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha ilipoamua kwamba nchi yetu haikuwalinda watu wenye ualbino inavyotakiwa, kesi iliyofunguliwa na mashirika, likiwemo LHRC, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu cha hapa nyumbani, kwa uvumilivu wa miaka. Bango linaishia hapo, na nafasi tupu imeachwa kulia kwa ajili ya yatakayoongezwa.

Juni, wiki ya kwanza

Mabango yote yameshaprintiwa isipokuwa la vinasaba ambalo fundi anarekebisha rangi ya njano, ilitoka kali mno. Bibi katibu aliletwa jana kuona kurasa zake, akasogea karibu kabisa, akasoma mstari mmoja mmoja kwa sauti, kisha akatuelekeza tuongeze maneno "na nauli ya boti walijilipia" chini yake. Tumeongeza.

Turubai tumepata kwa mkopo kutoka kwa watu wa maturubai ya misiba, Mungu awabariki. Uwanjani tutakuwa asubuhi mpaka saa nne na kuanzia saa kumi jioni, katikati hapo jua likiwa kali kila kitu kinahamia ukumbini na mapazia yanafungwa. Rekodi mbili bado hazijasafishwa, kelele za pikipiki zimezidi. Shule za Misungwi zimethibitisha, Sengerema wanataka Julai, Ukerewe tunasubiri majibu ya halmashauri.

Nesi ameomba meza yake iwe karibu na mlango wa kuingilia, sio mwisho kama tulivyokuwa tumepanga, kwa sababu anayekuja na mtoto mgongoni anaweza asimalize mabango yote. Atakuwa na katoni za losheni, kofia, na kaunta buku jipya la kuandikisha wanaohitaji kliniki, safu ya kijiji haimo, badala yake kuna namba ya simu ya mzazi. Kofia za watoto wadogo bado hazitoshi, tunaendelea kushona.